Somo la Tisa: Kutafuta Kazi Baada ya Chuo

(Somo lililosomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima ya Kibaha na Kisarawe)

Ndugu wanafunzi, mlioko Kibaha na mlioko Kisarawe, natumaini mmekwisha kaa, kila mmoja ana daftari yake na kalamu yake, na msimamizi wa darasa yuko tayari mbele ya ubao. Maneno niliyoyasema redioni ndiyo yaliyopigwa chapa hapa. Aliyekosa kusikia na asome. Aliyesikia na asome tena, polepole.

Somo letu la leo ni kutafuta kazi. Nalisema kwa ajili ya vijana walioko vyuoni na wale waliomaliza karibuni. Lakini nalisema pia kwa ajili yenu, wazazi wao.

Huenda mama mmoja hapo nyuma anajiuliza, "Mimi ndiyo kwanza najifunza kusoma. Sina chuo, sina cheti. Kazi za ofisini zanihusu nini?" Zakuhusu sana, mama. Ada ya chuo ya mwanao imetoka katika mihogo yako na korosho zako. Na siku moja kijana huyo anaweza kuja nyumbani jioni na kusema, "Mama, nimepata mtu. Anataka laki tatu, kisha nitaingia kazini." Siku hiyo wewe ndiwe utakayeamua kama kipande cha shamba kiuzwe au kisiuzwe. Shamba likiuzwa halirudi. Basi inafaa ujue mapema kazi hutafutwa namna gani, upate la kumjibu.

1. Zamani kazi ilimtafuta mtu

Tuanze na jambo ambalo huleta ugomvi katika nyumba nyingi. Baba amesomesha. Kijana amemaliza. Mwaka mmoja umepita, wa pili umeanza, kijana bado yuko nyumbani. Baba anasema kijana ni mvivu. Kijana anasema baba haelewi. Nani mkweli?

Tutazame nyuma kidogo. Nchi yetu ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Chuo kikuu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam Oktoba mwaka ule ule, nacho kilianza na wanafunzi wa sheria tu, wala hawakufika 20. Nchi nzima ilikuwa na kiu ya watu waliosoma. Hapo Kibaha, mwaka 1963, ulianzishwa mpango mkubwa kwa msaada wa Denmark, Finland, Norway na Sweden. Mpango huo ulileta shule ya sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima, na mwaka 1970 ukakabidhiwa serikali yetu. Ndiyo asili ya Shirika la Elimu Kibaha. Katika miaka ile mtu mwenye cheti hakuzunguka na bahasha mkononi. Ofisi zilikuwa tupu, na kazi ndiyo iliyomtafuta yeye.

Leo mambo yamegeuka. Vyuo vimekuwa vingi, na kila mwaka maelfu ya vijana humaliza masomo. Nafasi za serikali hazikuongezeka kwa kiasi hicho. Tangazo la nafasi chache huvuta waombaji wengi mno. Kwa hiyo baba aliyesema, "Soma, mwanangu, utapata kazi," hakusema uongo. Alisema maneno ya wakati wake. Na kijana anayekaa miezi kadhaa bila kazi si lazima awe mvivu. Lakini kijana anayengoja kazi ije ibishe hodi mlangoni, huyo amekosea wakati.

Cheti cha leo ni kama leseni ya udereva. Chaonyesha kwamba umeruhusiwa kuendesha, hakikupi gari. Gari ni lazima ulitafute.

(Hapa msimamizi na asimamishe kidogo. Aulize darasa: Katika kijiji chetu wako vijana wangapi waliomaliza chuo? Wanafanya nini sasa?)

2. Anza kutafuta kabla hujamaliza

Ewe kijana uliye chuoni, kosa la kwanza ni kungoja mpaka siku ya mwisho ya masomo. Vyuo vingi huwapeleka wanafunzi kufanya kazi mahali fulani kwa majuma kadhaa. Huitwa mafunzo kwa vitendo; ninyi huyaita fildi. Wengi hudhani ni jambo la kupata muhuri tu katika kitabu. Sivyo. Hapo ndipo unapopimwa bila kuambiwa kwamba unapimwa.

Fikiria vijana wawili waliopelekwa karakana moja. Wa kwanza hufika saa nne, akakaa kivulini na simu yake, akaondoka saa nane. Wa pili hufika saa moja na nusu. Akikuta pamechafuka hufagia. Fundi akifungua mashine, naye husogea, hushika taa, huuliza, kisha jioni huandika katika daftari: leo nimeona jambo hili, nimefanya jambo hili. Wote wawili wakapata muhuri. Baada ya miezi sita karakana yataka mtu mmoja. Mwajiri atamkumbuka nani? Mwajiri huogopa mtu asiyemjua. Ukijulikana kwa kazi yako, umekwisha vuka nusu ya mto.

Basi chagua vizuri mahali pa kujifunzia, na uombe mapema, miezi miwili mitatu kabla. Tazama yaliyo karibu nawe. Kibaha yako maeneo ya viwanda, kama vile TAMCO, Zegereni na Mlandizi. Iko Hospitali ya Tumbi. Kwala iko bandari kavu, ambako mizigo hupelekwa kutoka bandari ya Dar es Salaam. Reli mpya ya kisasa, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, ina vituo vya Soga na Ruvu, vyote katika nchi ya Kibaha. Kisarawe ziko ofisi za halmashauri, hospitali, shule, misitu ya hifadhi, na biashara ya korosho, mihogo na matunda. Na jiji la Dar es Salaam liko mlangoni.

Penye kiwanda hapahitaji mhandisi peke yake. Pahitaji karani wa ghala, fundi umeme, mpishi, dereva, mpima ubora, mwandishi wa hesabu, mlinzi na muuguzi. Anayesema, "Sikusomea viwanda," huenda hajatazama ndani ya lango.

3. Mkoba wa hati

Jambo la pili ni hati. Tafuta mkoba mgumu usioingia maji, na ndani yake weka haya: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na vya chuo, kitambulisho cha taifa au namba yake, ile yenye tarakimu 20, picha ndogo, na maelezo yako binafsi, yaani karatasi ionyeshayo jina lako, anwani, masomo, kazi ulizofanya na majina ya wadhamini watatu.

Mdhamini si mtu mkubwa tu. Ni mtu anayekujua kweli na atakayepokea simu akipigiwa. Mwombe ruhusa kwanza kabla ya kuandika jina lake.

Mambo manne yaangaliwe sana.

La kwanza ni majina. Huku kwetu Pwani mtoto huandikwa shuleni kwa jina moja, kwenye cheti cha kuzaliwa kwa jina jingine, na kwenye kitambulisho likakosewa herufi. Hapa ni Mwanahamisi, pale ni Mwanahamis. Nyumbani hatujali. Katika usaili wa serikali hilo ni tatizo. Mtu ambaye majina yake hayalingani hutakiwa kuleta hati ya kisheria inayoeleza kwamba majina yale ni ya mtu mmoja. Usingoje siku ya usaili. Panga hati zako zote mezani leo, usome jina herufi kwa herufi. Na hapa, mama na baba mnaojifunza kusoma, mna kazi yenu: mtoto mdogo anapoandikishwa, simameni mezani mwone jina lake limeandikwaje.

La pili ni nakala. Matangazo ya serikali hutaka nakala za vyeti zilizothibitishwa, kwa mfano na wakili. Siku ya usaili uje na vyeti vyenyewe halisi.

La tatu ni karatasi ya matokeo. Matangazo ya ajira serikalini husema wazi kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi badala ya vyeti. Kama cheti chako kimebaki shuleni, kafuate.

La nne ni vyeti vya kughushi. Mwaka 2017 serikali ilihakiki vyeti vya watumishi wa umma. Watu 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, na Rais John Magufuli akaagiza waondolewe kazini. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokwisha fanya kazi miaka mingi, wakiwa na watoto na nyumba. Cheti cha uongo ni nyumba iliyojengwa mtoni wakati wa kiangazi. Masika yatafika.

4. Kazi hutangazwa wapi?

Kazi nyingi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Maombi hupelekwa kwa njia ya intaneti, katika tovuti ya sekretarieti hiyo. Kijana hujiandikisha humo mara moja, akaweka hati zake, kisha huomba kila nafasi inayomfaa. Asiye na simu ya kutosha aweza kwenda kwenye duka la intaneti mjini. Lakini angalia: neno lako la siri usimwachie mwenye duka, wala usiondoke kabla hujafunga ukurasa wako. Na usimwombe mtu mwingine akujazie habari ambazo wewe mwenyewe hujazisoma.

Mahali pa pili ni mbao za matangazo: za halmashauri, za ofisi za kata, za hospitali. Pita hapo kila juma.

Mahali pa tatu ni lango la kiwanda au la kampuni. Kampuni ndogo nyingi hazitangazi kazi. Huuliza waliomo ndani, "Mwamjua mtu?" Kwa hiyo vaa nguo safi, chukua barua yako, uende mwenyewe. Kwa mlinzi sema salamu na uulize kwa adabu, "Maombi ya kazi hupokelewa siku gani, na nani?" Wazee walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.

Mahali pa nne ni watu. Waambie jamaa, walimu wako wa zamani, imamu, padri, wenzako wa chuoni. Lakini usiseme tu, "Nitafutieni kazi." Maneno hayo ni mapana mno. Sema, "Nimesomea ugavi, najua kutunza hesabu ya ghala, natafuta kazi ya karani wa ghala, Kibaha au Mlandizi." Hapo atakayesikia nafasi ya ghala atakukumbuka.

Tena weka daftari ya maombi. Andika tarehe, mahali, kazi uliyoomba, nani alipokea barua, na siku ya kwenda kuuliza tena. Mtu mwenye daftari haulizi mara mbili mahali pamoja, wala hasahau alipoahidiwa.

5. Barua ya kuomba kazi

Barua nyingi za vijana zafanana kama punje za mchele. Huanza, "Kichwa cha habari hapo juu chahusika." Hufuata, "Mimi ni kijana mwenye umri fulani, mwenye afya njema." Kisha shukrani. Meneja amesoma barua 40 za namna hiyo asubuhi ile ile, na bado hajui mwandishi aweza kufanya nini.

Barua nzuri hujibu maswali matatu: Wataka kazi gani? Waweza kufanya nini? Watapatikana wapi? Huu hapa mfano. Msimamizi na auandike ubaoni, nanyi mwunakili.

S.L.P. ........
Kisarawe.
Tarehe ........

Meneja,
(Jina la kiwanda),
S.L.P. ........
Kibaha.

Ndugu,

YAH: OMBI LA KAZI YA FUNDI UMEME

Naomba kazi ya fundi umeme mliyoitangaza katika ubao wa halmashauri tarehe ........

Nimesomea umeme wa majumbani na wa viwandani kwa miaka miwili, nami nina cheti. Katika mafunzo kwa vitendo nilifunga nyaya katika nyumba sita, na kutengeneza mota tatu za pampu ya maji chini ya fundi mkuu. Naweza kusoma mchoro wa umeme, na nimefundishwa kinga za kazini.

Naishi Kisarawe. Nikipata kazi nitapanga chumba Kibaha ili niwahi kazini. Nakala za vyeti vyangu ziko pamoja na barua hii. Niko tayari kwa usaili siku yoyote mtakayoniita kwa simu namba ........

Wako,
(Sahihi)
(Jina kamili)

Tazameni: haina maneno makubwa. Imetaja nyumba sita na mota tatu. Hesabu ndogo ya kweli yashinda sifa kubwa zisizo na ushahidi. Wala mwandishi hakusema njaa yake. Mwajiri aweza kukuhurumia, lakini huajiri mtu wa kumsaidia kazi yake.

6. Siku ya usaili

Siku moja kabla, ujue mahali penyewe na nauli yake. Fika mapema. Nguo si lazima iwe mpya. Iwe safi na ya heshima. Zima simu. Salimu. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema, "Hilo sijalifanya, ila nimefanya lifananalo nalo, nami naweza kujifunza." Msaili ajua kumtambua anayebuni majibu.

Soma habari za mahali unapoomba. Kijana anayeomba kazi katika kiwanda cha Kibaha kinachotengeneza dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu, asipojua kwamba dawa hiyo humwagwa majini na haipigwi ukutani, ataonekana ameingia mlango asioujua.

Zoeeni nyumbani. Baba na aketi kitini awe msaili, amwulize kijana: "Kwa nini tukuchukue wewe?" Mtacheka siku ya kwanza. Siku ya tatu kijana atakuwa na jibu.

7. Wezi wa wanaotafuta kazi

Sasa nifikie jambo ambalo nataka darasa zima lilisikie vizuri.

Penye watu wengi wenye shida, mwizi hujenga kibanda. Hutuma ujumbe wa simu: "Umechaguliwa. Tuma shilingi kadhaa za fomu." Akitumiwa, husema, "Sasa za kupima afya." Halafu, "Sasa za sare." Mwisho simu haipatikani. Mwingine huja na suti na jina la mkubwa fulani, akisema nafasi zimebaki mbili, na lazima pesa ifike kesho asubuhi.

Shikeni neno hili: kuomba kazi serikalini hakulipiwi. Hakuna ada ya fomu, hakuna ada ya usaili, hakuna pesa ya kuweka jina. Na mtu binafsi anayefanya biashara ya kutafutia wengine kazi ni lazima awe na leseni ya serikali. Anayeahidi kazi ya nchi za nje, Uarabuni au kwingineko, aulizwe leseni yake na mkataba kabla ya yote. Asiyetaka kuonyesha, muageni kwa heri.

Dalili za mwizi ni tatu: ataka pesa kabla ya kazi, ataka haraka, ataka siri. Mtu akikuambia, "Usimwambie mtu," hapo ndipo pa kumwambia mtu.

Iko na rushwa ya namna nyingine, nayo huwapata hasa binti zetu. Mwenye kazi au msaidizi wake hutaka mwili wa binti ndipo ampe kazi. Hili si jambo la kuonea haya na kunyamaza. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, yasema ni kosa la jinai. Habari za rushwa, ya fedha au ya ngono, hupelekwa TAKUKURU, na simu yao 113 haina malipo. Mama, mwambie binti yako kabla hajaondoka nyumbani: "Likikufika, njoo uniambie. Sitakulaumu." Binti aliyeambiwa hivyo ana mahali pa kukimbilia.

(Msimamizi na asimamishe tena. Asiyetaka kusema habari zake asilazimishwe. Darasa lijadili: Mtu akitaka pesa ili atoe kazi, tumjibu nini?)

8. Usitie sahihi usichokisoma

Tuseme kijana amepata kazi. Sasa aletewa karatasi. Furaha imemjaa, kalamu iko mkononi. Angoje kidogo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi habari hizi: kazi yenyewe ni ipi, yaanza lini, ni ya muda gani, ni mahali gani, saa za kazi, mshahara na jinsi unavyohesabiwa. Na liko neno moja la maana sana kwa darasa hili. Sheria hiyo, katika kifungu cha 15, yasema kwamba kama mfanyakazi haelewi maandishi hayo, mwajiri ahakikishe anaelezwa kwa namna atakayoielewa. Basi kuuliza maana si utovu wa adabu, na kutokujua Kiingereza si aibu. Ni haki yako uelezwe.

Kumbukeni pia: saa za kawaida za kazi si zaidi ya 45 kwa juma, wala si zaidi ya 9 kwa siku. Kazi ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Likizo ya mwaka ni siku 28. Na mtu akifukuzwa kazi isivyo haki, apeleke shauri lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla ya siku 30 kupita. Akichelewa, mlango huanza kufungwa.

Omba nakala ya mkataba wako, uitie katika ule mkoba wa hati.

9. Kazi ikichelewa

Sitawadanganya. Kijana aweza kufanya yote niliyoyasema, na bado kazi ikachelewa. Afanye nini?

Asikae bure. Mwenye elimu ya hesabu aweza kumwandikia mfanyabiashara daftari zake kwa malipo madogo. Aliyesomea kilimo awe na bustani yake, tena mwajiri akiuliza, "Umefanya nini mwaka huu?", aweza kumpeleka akaione. Aliyejifunza ufundi kwa fundi wa mtaani bila chuo, asidhani ujuzi wake hauna thamani. VETA, mamlaka ya ufundi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapima mafundi wa namna hiyo na kuwapa vyeti. Nacho Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kibaha hufundisha ufundi bila kudai cheti cha juu.

Vijana wakijiunga kikundi wakaulize katika halmashauri yao habari za mikopo isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo ni deni; mchukue mkiwa na kazi ya kuulipa.

Kazi ndogo haifuti cheti. Kijana aendelee kuomba ile kazi aliyoisomea, huku mikono yake ikiwa na shughuli.

Nanyi wazazi, wekeni mpango pamoja naye. Semeni, "Kwa miezi mitatu tutakupa nauli ya siku mbili kila juma na pesa ya nakala. Jumapili utatuonyesha daftari yako ya maombi." Hivyo kijana hatafutwi kwa matusi, na pesa ya nyumba haitoki bila hesabu. Maneno kama, "Nimepoteza ada yangu bure," yawekeni mbali. Yamewatoa vijana wengi mbio wakaangukia mikononi mwa wale wezi tuliowataja.

10. Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini zamani kazi ilimtafuta mtu, na leo mtu huitafuta kazi?
2. Taja hati tano zinazopasa kuwamo katika mkoba wa kijana.
3. Dalili tatu za mwizi wa wanaotafuta kazi ni zipi?
4. Mwajiri akileta mkataba usiouelewa, sheria inampasa afanye nini?
5. Hapa tulipo, Kibaha au Kisarawe, ni mahali gani kijana aweza kwenda kuuliza kazi juma hili?

Kazi ya nyumbani: Kila mmoja na achukue cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mtu mmoja wa nyumbani kwake, asome majina yote mawili, ayaandike katika daftari, na kutazama kama yanalingana. Yasipolingana, amwambie msimamizi. Mwenye kijana chuoni na amsomee sehemu ya saba ya somo hili kwa sauti. Akikwama katika neno, kijana amsaidie.

Hapo ndipo tunapofikia mwisho wa somo la tisa. Juma lijalo, saa hii hii, tutasoma jinsi ya kuweka hesabu ya mapato na matumizi ya nyumba. Njooni na daftari zenu. Kwa herini.